Unihilisti, imani na kujiendeleza: Je, juhudi ya mtu ina maana?

"Ng'ombe wa maskini hazai." "Mungu hamtupi mja wake." "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Methali hizi tatu zinasikika kila mahali, kuanzia hapa Nyololo hadi Makambako, Igurusi na Tunduma, na mtu mmoja anaweza kuzitumia zote kwa siku moja. Asubuhi anainama shambani, mchana anaambiwa bei ya mahindi imeshuka, jioni anasali.

Lakini methali hizo hazisemi jambo moja. Ya kwanza inasema jitihada ni bure. Ya pili inasema yupo anayetuangalia hata tukishindwa. Ya tatu inasema atakaye kitu lazima akifanyie kazi. Wanafalsafa wameandika vitabu vingi juu ya mawazo hayo matatu. Wazo la kwanza likifikishwa mwisho wake huitwa unihilisti. La pili ni imani ya dini. La tatu ni wazo kwamba binadamu anaweza kujiendeleza kwa nguvu na akili yake.

Katika makala haya tunaeleza mawazo hayo yalikotoka, yalivyofika kwetu Nyanda za Juu Kusini, na kwa nini yanamhusu mkulima, mama lishe na kijana wa bodaboda.

Unihilisti ni nini?

Neno hili limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya "si kitu". Mnihilisti ni mtu anayeamini kwamba maisha hayana maana wala lengo, na kwamba hakuna msingi wa kweli wa kusema hili ni jema na lile ni baya. Siyo lazima mtu huyo awe mhalifu. Anaweza kuwa mpole, akalima, akalipa michango. Lakini ukimwuliza kwa nini anaishi, hana jibu, na anaamini kwamba wewe pia huna.

Neno hilo lilienea Urusi baada ya mwaka 1862, mwandishi Ivan Turgenev alipochapisha riwaya kuhusu kijana msomi aitwaye Bazarov. Kijana huyo hakukubali jambo lolote kwa sababu tu wazee, kanisa au serikali wamelisema. Wazazi wengi wa Urusi wa wakati huo waliwaona watoto wao katika riwaya hiyo, na wakaogopa.

Anayetajwa zaidi katika jambo hili ni Mjerumani Friedrich Nietzsche, aliyezaliwa mwaka 1844. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, na alifariki mtoto huyo akiwa hajatimiza miaka mitano. Katika kitabu alichotoa mwaka 1882, Nietzsche alitangaza kwamba Mungu wa Wazungu amekufa. Kauli hiyo imewaudhi watu wengi, na mara nyingi haieleweki. Alikuwa akiangalia jamii yake. Watu walikuwa bado wanakwenda kanisani, lakini mambo yao ya kila siku yaliongozwa na fedha, sayansi na dola. Aliona nguzo imeng'olewa na nyumba bado imesimama, lakini haitasimama muda mrefu.

Tena hakulifurahia tu jambo hilo. Aliona kwamba watu wakipoteza imani bila kupata kitu cha kushika, watabaki na utupu. Jibu lake lilikuwa kwamba binadamu lazima ajipite mwenyewe, ajitungie maadili na kuyaishi kwa ujasiri. Hapo ndipo unihilisti unapokutana na wazo la kujiendeleza. Kwa maoni yake, kujiendeleza ndiyo dawa ya utupu. Nietzsche alifariki mwaka 1900, na baadaye Manazi wa Ujerumani waliyachukua maneno yake na kuyatumia kuhalalisha kiburi na mauaji. Hilo nalo ni onyo: mtu anayejitungia maadili bila kumjali jirani anaweza kuwa hatari.

Mwaka 1891 kwetu

Nietzsche alirukwa na akili mwezi Januari 1889, akaishi miaka yake ya mwisho akiuguzwa na mama yake, kisha dada yake. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1891, Wajerumani wenzake walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa wakiwa na Biblia. Wamoraviani walianzisha misheni ya Rungwe. Walutheri wa Misheni ya Berlin walianza karibu na hapo, kisha wakaenea hadi Ukinga na Ubena. Baadaye Wabenediktini Wakatoliki walijenga Tosamaganga, karibu na Iringa, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia kazi yao ikachukuliwa na Wamisionari wa Consolata kutoka Italia. Kwa hiyo, wakati Mjerumani mmoja akisema imani imekwisha kwao, wengine walikuwa wakiipanda kwetu.

Mwaka huohuo wa 1891, tarehe 17 Agosti, jeshi la Mkwawa lilikishinda kikosi cha Wajerumani pale Lugalo na kumwua kamanda wao, Zelewski. Mababu zetu waliwaona Wajerumani wa aina mbili kwa wakati mmoja, mwenye bunduki na mwenye kitabu, na haikuwa rahisi kuwatenganisha. Ndiyo maana mpaka leo wako wanaouliza kama dini zilizoletwa na meli zilikuwa za kutukomboa au za kututuliza. Ni swali la haki. Lakini historia inaonyesha pia kwamba waumini wenyewe walizichukua dini hizo na kuzifanya zao. Walijenga shule, zahanati, vyama vya akina mama na kwaya, na wainjilisti wenyeji ndio waliobeba ujumbe hadi vijiji ambavyo mzungu hakuvifikia.

Tusisahau kwamba imani ilikuwapo kabla ya hapo. Wahehe walimtaja Nguluvi, Wabena na Wakinga Nguluve, Wanyakyusa Kyala. Wafu hawakuwa wametoweka. Walikuwa sehemu ya ukoo, walitambikiwa, waliweza kukasirika na kubariki. Katika fikra hiyo neno "si kitu" halikuwa na mahali pa kukaa. Mtu alizaliwa ndani ya maana, akafa ndani ya maana. Waislamu nao, waliofika kwa njia za biashara kutoka pwani, walileta mafundisho yaliyoweka mapenzi ya Mungu na wajibu wa mtu pamoja.

Mwafrika aliyeuliza swali gumu

Wengine husema unihilisti ni ugonjwa wa Wazungu walioshiba. Tanzania ina jibu kwa hilo, nalo ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, akalelewa katika Ukatoliki na kusoma seminari. Alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata shahada ya uzamivu Marekani mwaka 1985, akafundisha Dar es Salaam na baadaye Botswana. Alifariki tarehe 9 Januari 2020.

Mwaka 1974 alichapisha riwaya ya Kichwamaji. Mhusika mkuu, Kazimoto, ni msomi wa chuo kikuu anayerudi kijijini. Amesoma sana, lakini elimu imemtenga na wazazi na majirani, na imani ya utotoni haimshiki tena. Haoni sababu ya kuwapo, na mwishowe anajiua. Mwaka uliofuata ikatoka Dunia Uwanja wa Fujo, kuhusu kijana anayeitwa Tumaini. Anatapanya urithi, anajirekebisha, anakuwa mkulima mkubwa, kisha siasa ya ujamaa inapokuja kuchukua ardhi yake anamwua kiongozi wa serikali na yeye ananyongwa. Katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, Kezilahabi aliacha njia ya kawaida ya kusimulia na kuandika kuhusu msafiri anayetafuta ukweli katika ulimwengu ulioharibika, akigusa mawazo ya Nietzsche mwenyewe.

Wataalamu wa fasihi huyaweka maandishi hayo katika fikra iitwayo udhanaishi, yaani fikra inayosema mtu hutupwa duniani kwanza, kisha ni juu yake kujichagulia awe nani. Udhanaishi unaanza palepale penye utupu wa unihilisti, lakini si lazima uishie hapo. Kezilahabi aliandika mambo hayo katika miaka ambayo redio na magazeti yalijaa matumaini ya taifa changa. Alikuwa anauliza swali ambalo viongozi hawakulipenda: itakuwaje tukipata shule, barabara na trekta, na bado mtu ndani yake ni mtupu?

Kujitegemea: sura nzuri na sura chungu

Wazo la binadamu kujiendeleza lilipata jina lake la Kitanzania mwaka 1967 katika Azimio la Arusha: kujitegemea. Azimio lilisema ili tuendelee tunahitaji vitu vinne, yaani watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, alifundisha kwamba mtu haendelezwi na mwingine, hujiendeleza. Barabara na majengo ni vyombo tu. Kwake imani haikupingana na jembe, na aliwataka viongozi wa dini wasimame upande wa maskini badala ya kuwafariji tu.

Sura nzuri ya wazo hilo ilionekana redioni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio nchini kote. Walisikiliza kipindi kila wiki kwa wiki 12, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Walichimba vyoo, walifyeka vichaka, walifukia madimbwi ya mbu. Kampeni za kisomo nazo zilizaa matunda. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika, na kufikia mwaka 1975 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 39. Hakuna muujiza uliotangazwa. Watu walikaa chini ya mti na kujifunza.

Sura chungu ilionekana mkoani kwetu. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alikwenda Isimani akisimamia siasa ya vijiji vya ujamaa. Huko alikuta mkulima Said Mwamwindi akilima shamba lake. Wakagombana, na Mwamwindi akampiga risasi akafa. Mkulima huyo alishtakiwa na kunyongwa. Chuo cha ualimu cha Iringa kikapewa jina la Klerruu. Miaka minne baadaye, wasomaji wa Dunia Uwanja wa Fujo waliona mwangwi wa Isimani katika mwisho wa Tumaini.

Tukio hilo linafundisha jambo ambalo bado lina uzito. Klerruu aliamini anawaletea watu maendeleo. Mwamwindi aliamini ameshajiendeleza kwa jasho lake. Wote wawili walitumia neno moja na kumaanisha mambo mawili. Kujiendeleza kunakoamriwa kwa nguvu hupoteza ile herufi ya "ji" iliyo katikati ya neno. Na kujiendeleza kwa mtu mmoja peke yake, bila jirani, nako huzaa chuki.

Kikombe cha Loliondo

Je, imani na jitihada zinagombana? Mwanzoni mwa mwaka 2011 swali hili lilijibiwa kwa namna mbili na mamilioni ya Watanzania. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri katika kijiji cha Samunge, Loliondo, alisema Mungu amemwonyesha dawa ya mizizi inayotibu magonjwa sugu, ukiwamo UKIMWI. Kikombe kimoja kiliuzwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wengine walifia njiani. Wengi walimwita kwa upendo tu "Babu". Alifariki Julai 2021.

Kwa watu wa kwetu hili halikuwa jambo la kuchekesha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulionyesha kwamba asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 mkoani Njombe walikuwa na VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Iringa ilikuwa asilimia 9.1 na Mbeya asilimia 9.0, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 5.1. Katika vijiji ambavyo kila wiki kulikuwa na msiba, kusafiri siku kadhaa kutafuta kikombe lilikuwa tendo la mtu aliyekataa kusema "basi, nimekwisha".

Hatari ilianza pale baadhi ya wagonjwa walipoacha dawa za kufubaza virusi kwa kuamini wamepona. Wataalamu wa afya waliwasihi waendelee na dawa zao. Dawa hizo hazijamaliza ugonjwa, lakini ndizo zilizobadilisha hali: mtu mwenye VVU anayezimeza kila siku anaweza kuishi miaka mingi, kulea watoto na kulima. Wako maelfu ya waumini wanaosali na kumeza vidonge saa ileile ya jioni. Hawaoni mgogoro wowote, na hakuna mgogoro. Mgogoro unakuja pale imani inapotumiwa kumkataza mtu kutumia alichopewa.

Kila wazo na hatari yake

Tukiyaweka mawazo haya matatu mezani, kila moja lina kitu cha kutupa na kitu cha kuogopa.

Shaka ya mnihilisti inatusaidia kutomeza kila tunachoambiwa. Anayeuliza "kwa nini?" hatapeliwi kirahisi na nabii wa uongo, na hadanganywi na tajiri wa upatu wala na mgombea mwenye ahadi kubwa. Lakini shaka isiyo na mwisho hula kila kitu, mpaka hamu ya kuamka asubuhi. Na tusidhani unihilisti unakaa chuo kikuu tu. Upo pia kilabuni kwenye ulanzi saa nne asubuhi, kwa kijana anayesema kulima hakulipi, kusoma hakulipi, na kusali hakulipi. Hajawahi kumsikia Nietzsche, lakini amefika alipofika Kazimoto.

Imani inampa mtu sababu ya kuwa mwema hata asipoonekana, na inampa watu wa kumzika na kumlilia. Dini zetu hazikuogopa hata swali la utupu. Kitabu cha Mhubiri katika Biblia kinachunguza mali, elimu na anasa na kuviita ubatili, na bado kimo ndani ya maandiko matakatifu. Ayubu alimlalamikia Mungu, wala hakuhesabiwa kafiri. Uislamu unafundisha kutawakali kwa Mungu pamoja na mtu kuanza kubadilika yeye mwenyewe. Hatari ya imani ni kuigeuza kisingizio: mtoto hakupelekwa kliniki, akafa, na tukasema ni mapenzi ya Mungu.

Kujiendeleza kunatupa visima, kisomo na ada ya shule. Hatari yake ni majivuno, na kumpima mtu kwa bati la nyumba yake. Yule anayeamini kila aliyefanikiwa amefanikiwa kwa juhudi tu atamwona kila maskini kuwa mvivu, hata kama mvua ndiyo iliyomnyima.

Mfano wa karibu

Wilaya ya Mufindi ina Shamba la Miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na pembeni yake wananchi wengi wana misonobari yao wenyewe. Msonobari wa mbao unahitaji miaka kumi na mitano au zaidi. Mzee wa miaka sabini anayepanda miche mwezi Desemba anajua huenda asiikate yeye. Hapo anakataa ule usemi kwamba hakuna maana, kwa sababu anafanya kazi kwa ajili ya wajukuu. Anahitaji imani, kwa sababu moto, mvua na bei havimo mikononi mwake. Na anahitaji jitihada, kwa sababu asipopalilia na kufyeka barabara ya kuzuia moto, sala peke yake haitalinda shamba. Ukimwuliza kama yeye ni mtu wa dini au mtu wa maendeleo, atakuomba umpe jembe lake aendelee.

Pale mtu wa karibu anapokata tamaa

Mawazo haya hayaishii kwenye maneno. Mtu akianza kusema mara kwa mara kwamba maisha hayana faida, akajitenga, akaacha kula au kulala, akagawa vitu vyake, au akaongeza pombe, tusimwambie tu "omba" wala "jikaze". Tukae naye na kumsikiliza, na tumwulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Tuziondoe karibu naye sumu za shambani. Tumsindikize zahanati au kituo cha afya, kwa kuwa huzuni kali ni ugonjwa unaotibika, na tumshirikishe mhudumu wa afya wa kijiji pamoja na padri, mchungaji au shehe anayemwamini.

Kwa vikundi vya wasikilizaji wetu, tunapendekeza maswali matatu ya kujadili:

Katika kijiji chenu, ni lini "mapenzi ya Mungu" ilikuwa faraja ya kweli, na ni lini ilikuwa kisingizio?

Mradi gani wa maendeleo ulifanikiwa kwa sababu wananchi waliuamua wenyewe, na upi ulikufa kwa sababu uliamriwa?

Kijana akiwaambia kwamba hakuna jambo lenye maana, mtamjibu nini ambacho yeye mwenyewe anaweza kukiona kwa macho?